Monita haiungui kwa kuwekewa Hz kubwa

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Nairobi: eti ukichagua Hz ambazo monita yako haizikubali, skrini inaungua papo hapo na dawa ni kununua nyingine. Si kweli.

Hz ni mara ngapi picha inachorwa upya kila sekunde. Ukiilazimisha monita ya 60 ichore 144, kwa kawaida inakataa tu: inabaki nyeusi, au inaandika kwamba mawimbi yamepita kiwango chake. Na skrini iliyoungua itaandikaje?

Chomoa waya wa picha, uache wa umeme. Ukiona tangazo kwamba hakuna mawimbi, monita ni nzima. Windows nayo, usipothibitisha badiliko, hurudisha mpangilio wa awali baada ya sekunde 15. Wengi huzima kwa hofu kabla hazijaisha. Picha isiporudi, rudisha waya, unganisha kompyuta na TV ya sebuleni pia, kisha kupitia hiyo ingia kwenye mipangilio, teua monita na uirudishe 60.

Uvumi huu haukutoka hewani. Baadhi ya monita za zamani, zile nzito zenye kisogo, ziliweza kuharibika kweli kwa mawimbi yasiyofaa. Hizi bapa hujikinga.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Na kabla ya kubeba monita hadi maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, anza na ule waya.