Sindano Inaingia Kwenye Msuli, Si Kwenye Kiungo

Juzi alikuwa wa nne kwa wiki hii. Mama wa makamo, ameshika shavu, hajakaa hata vizuri kitini: "Daktari, nichome ile sindano ya urembo, kiungo cha taya kimenichosha." Kaambiwa saluni. Nikamjibu nilivyowajibu watatu waliomtangulia, na sasa naandika: Botox haitibu kiungo cha taya. Haiingii huko kabisa.

Weka vidole viwili shavuni, juu kidogo ya pembe ya taya, kisha ubane meno. Kibonge kinachopanda chini ya vidole ni masseta, msuli wa kutafuna. Huo ndio ninaouchoma. Sasa sogeza vidole hadi mbele ya tundu la sikio, ufungue mdomo na kuufunga. Kinachoteleza hapo ndicho kiungo. Ni sentimita chache tu kati yao, na mgonjwa kote huko huita "taya linauma", lakini dawa zake ni tofauti kabisa.

Botox ni sumu ya botulinamu. Huzuia neva kumwaga asetilikolini, kemikali inayoupelekea msuli amri, basi msuli hausikii amri ya kukaza. Huanza baada ya siku chache, hukolea kwenye wiki ya pili, na baada ya miezi mitatu au minne nguvu hurudi.

Kinachoniudhi hasa ni habari ya taya linalolia "kwaa". Ndani ya kiungo mna kisahani cha gegedu. Kikiteleza mbele kisha kikarudi mahali pake unapopiga miayo, unasikia mlio. Hakuna sindano ya masseta inayokirudisha kisahani hicho, wala inayoponya gegedu iliyolika. Na mlio usio na maumivu, tena taya halikwami, mara nyingi hauhitaji tiba yoyote. Watu wanakopa pesa kutibu sauti!

Kisha kuna kuchoma bila kupima. Nilimpokea kijana aliyechomwa mahali pengine kwa "maumivu ya taya". Nilipogonga gego lake la chini kwa mpini wa kioo cha kukagulia meno, aliruka kitini. Jino lilikuwa limeoza hadi kwenye kiini.

Hapa Mombasa siwezi kuacha kuuliza miraa. Anayetafuna saa tano, shavu lile lile, anafanyiza msuli wake kazi ya punda. Bigijii nayo vivyo hivyo. Hayo yapunguzwe kwanza, pamoja na chakula laini, kitambaa cha moto, mazoezi ya taya, na kinga ya plastiki ya usiku kwa anayesaga meno. Wengi hupata nafuu hapo hapo.

Na usije ukiniambia "nipe uniti hamsini kama shoga yangu". Uniti za Botox si uniti za Dysport, chapa nyingine ya sumu hiyo hiyo. Tena sindano ikisogea mbele mno hugusa misuli ya tabasamu, na mdomo ukaenda upande kwa wiki kadhaa.

Je, inasaidia maumivu ya msuli? Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliikubali kwa magonjwa ya macho mwaka 1989, kwa mikunjo ya kati ya nyusi mwaka 2002, na kwa kipandauso sugu mwaka 2010. Kwa taya, bado. Tafiti zinagongana: nyingine zinaonyesha nafuu, nyingine hazioni tofauti na maji ya chumvi yaliyochomwa badala yake ili kulinganisha. Nina wagonjwa waliolala usiku mzima baada ya miaka ya kuamka na maumivu, lakini siwezi kuapa kwamba ni sumu na si bigijii waliyoacha wiki ile ile. Lipo pia la mfupa: kwa wanyama, msuli ukishalegezwa, mfupa wa taya ulionekana kupungua. Kwa binadamu hoja haijafungwa, ndiyo maana sirudii sindano kila miezi minne kama ratiba ya kusuka nywele.

Yule mama nilimpapasa pande zote mbili. Masseta laini, haziumi. Maumivu yote mbele ya sikio la kulia, na asubuhi taya linakwama kabla ya chai. Sikumchoma. Nimempa mazoezi, nikamwagizia picha ya kiungo, nikampangia arudi baada ya wiki sita. Alitoka bado anaitaka sindano.