Ukuta wa bahari haukingi ufukwe

Kila unapojengwa ukuta kando ya bahari, watu husema, hata katika taarifa za habari, kwamba ufukwe sasa umeokolewa. Ukuta wa bahari ni kazi ya mawe au zege inayosimamishwa pale nchi kavu inapokutana na maji, ili mawimbi yasimomonyoe udongo uliobeba barabara, nyumba au mabomba yaliyo nyuma yake. Maana inaishia hapo, wala ufukwe haumo.

Wengine huuita ukingo, nami nalipenda zaidi jina hilo, kwa sababu linatokana na kitenzi kukinga, ambacho kina sura mbili: mtu hukinga pigo lisimfikie, na mtu huyo huyo hukinga maji ya mvua kwa ndoo yasipotee. Ukuta hufanya yote mawili, maana kwa mbele hupokea pigo la wimbi, na kwa nyuma hushika udongo usiondoke. Kuyafungia maji nje si kazi yake. Ukiutazama ukuta uliojengwa vyema, maji yakiwa yamekupwa, utaona matundu madogo usoni mwake yakichuruzika, na wapita njia hudhani unavuja. Kumbe matundu hayo yamewekwa makusudi, kwa kuwa maji yaliyojaa nyuma yake wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, yakikosa pa kutokea huusukuma ukuta hadi ukaanguka.

Ukuta uliojengwa upya kando ya Barabara ya Barack Obama jijini humo, iliyoitwa Ocean Road hadi mwaka 2013, ulikusudiwa kuikinga barabara. Wimbi linalogonga ukuta uliosimama wima hurudi na nguvu zake na kuchota mchanga miguuni pake, ndiyo maana mafundi hupanga mawe makubwa hapo chini ili kulivunja. Ufukwe hulishwa na mchanga unaoletwa na mito na mikondo. Kule Kunduchi, kaskazini mwa jiji hilo, uchimbaji wa mchanga mitoni ulichangia kuudhoofisha ufukwe ule.

Basi mwandishi wa habari anayesimama mbele ya ukuta mpya na aseme kwamba barabara imekingwa, na akitaka habari za ufukwe, aulize mchanga wake hutoka mto gani na nani anauchimba.