Pori Lipi Hilo Mnalowarudishia?

Jumatatu asubuhi alinipigia simu mteja wangu wa Muyenga, hapa Kampala, muungwana ambaye nimemtibia mbwa na chatu wake kwa miaka. "Daktari, lile joka limenishinda. Jana usiku nimelipeleka kwenye kinamasi cha Lubigi nikalifungulia. Sasa liko huru, limerudi porini kwao." Alitaka nimpongeze. Hii ni mara ya tatu mwaka huu naambiwa hivyo, na kila anayeniambia anaamini ametenda wema. Nimechoka kueleza kwenye simu, kwa hiyo naeleza hapa.

Jumatano bodaboda alinishushia gunia mlangoni. Vijana wa Namungoona walikuwa wamemuua chatu ndani ya banda la kuku, na mmoja wao alikuwa amekwaruzwa na meno, akataka kujua kama ana sumu. Chatu hana sumu. Nikamsafisha kidonda, kisha nikafungua gunia. Nilimtambua kabla sijamtoa wote kwamba ni yule wa Muyenga: kwenye ncha ya pua alikuwa na kovu jeupe la upana wa ukucha, lile linalotokana na kusugua waya wa banda usiku kucha akitafuta njia. Kovu hilo nililipaka dawa kwa mkono wangu lilipokuwa bado kidonda kibichi. Mapanga manne, yote shingoni.

Watu husema amerudia unyama wake. Si kweli. Alifanya alichofundishwa. Miaka minne mfululizo, kila mlango ulipofunguliwa, kuku aliingia. Chatu hampendi mtu, lakini anajifunza upesi ni harufu gani na mtikisiko gani unatangulia chakula. Chatu wa porini akihisi nyayo za watu hujikunja majanini au huondoka. Huyu wa kufugwa anazifuata, kwa kuwa kwake nyayo ni habari ya kuku. Hilo mnaloliita "amezoea watu", mnalowaonyesha wageni sebuleni, ndilo lililomfikisha kwenye banda la Namungoona. Na kama badala ya kuku angemkuta mtoto amelala, leo tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Na huyo alikuwa chatu wa Afrika, mzaliwa wa nchi hii! Vipi wale ambao hata si wa hapa?

Neno pori linatudanganya, maana tunalitumia kana kwamba ni mahali pamoja penye mlango mmoja. Iguana wa kijani kwao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Kobe mkubwa wa Saheli kwao ni nchi ya vichaka vikavu, ambako huchimba shimo refu akikimbia jua na ukame. Mwaka jana mama mmoja wa Ntinda alikuwa na kobe huyu kwenye ghorofa ya tatu. Alimnunua akiwa anaenea kiganjani, hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kupita kilo 50 na kuishi zaidi ya miaka 70. Alipokuja kwangu alikuwa amekwisha panga kumwacha katika msitu wa Mabira, "kwa sababu kule majani ni mengi, Daktari." Majani mengi, ndiyo, pamoja na kivuli, udongo uliolowa na mvua juu ya mvua. Nilimwomba asogeze sikio karibu na kichwa cha kobe. Kila pumzi ilikuwa na mluzi mwembamba, na kwenye tundu moja la pua kulikuwa na povu. Kobe hana kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kama chetu cha kusukuma kikohozi, hivyo uchafu ukishaingia mapafuni hubaki mle. Baridi ya usiku wa Kampala kwenye vigae ilitosha kumfikisha hapo. Mabira ingemmalizia.

Mambo mawili niyapitie haraka. Kwanza, mnyama hakui kwa kufuata ukubwa wa sanduku analofugiwa, kama wengi wanavyodhani. Anakua kwa chakula na joto, na sanduku dogo linampinda tu. Pili, jua la dirishani halimfai: kioo huzuia ile mionzi ya urujuanimno anayoihitaji ili kalsiamu ifike mifupani. Tuko kwenye Ikweta, jua ni la bure, na bado naletewa kobe wenye gamba linalobonyea kwa kidole.

Sasa lile linaloniuma zaidi. Mnapomwachia mnyama, hamumwachii peke yake. Huko Florida, chatu wa Burma walioachiwa na waliotoroka walizaana katika kinamasi cha Everglades. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulionyesha kwamba rakuni, wanyama wadogo wa porini wa huko, wanaoonekana barabarani walikuwa wamepungua kwa asilimia 99. Chatu hao walikuja pia na kimelea cha mapafu kutoka Asia, ambacho leo kinaua nyoka wa Florida wasiowahi kukijua. Hata kenge wetu wa Mto Nile, aliyepelekwa kule kuuzwa, sasa ni kero mjini Cape Coral. Na sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunahitaji kufundishwa hili na Marekani? Sangara alitiwa ziwani miaka ya 1950 kwa nia njema kabisa, na samaki wadogo wa aina chungu nzima wametoweka.

Najua kwa nini watu huenda Lubigi usiku. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inadai kibali cha kufuga wanyama hawa, wengi hawana, na wanaogopa. Naielewa hofu hiyo. Nasema tu: njoo kwangu kwanza, mchana, twende pamoja kwa Mamlaka ya Wanyamapori. Nimekwisha kwenda na wengine.

Lakini sitawaficha kwamba mlango huo nao ni mwembamba. Kituo cha wanyamapori cha Entebbe hakiwezi kumpokea kila kobe aliyechokwa na mwenyewe. Kuna wanyama niliowalaza kwa sindano wakiwa hawana ugonjwa wowote, kwa kuwa hapakuwa na pa kuwapeleka. Vitabu huliandika jambo hilo kwa sentensi moja safi. Mimi kuna iguana mmoja ambaye hadi leo sijakubaliana na nafsi yangu kama nilimtendea haki. Na ninapowapokea wengine nyumbani nawaza tena: je, nawaokoa, au nawapa watu moyo wa kununua, wakijua Daktari atachukua?

Kobe wa Ntinda yuko uani kwangu. Mluzi uliisha baada ya wiki sita za sindano na taa ya joto. Jana kwenye mizani alifika kilo 31, na bado ni kijana. Mimi nina miaka 54. Jumapili nimekaa na binti yangu mkubwa, nikamuuliza kama yuko tayari kumrithi. Ameomba muda wa kufikiri.