Je, wajua kwa nini farasi wa Denver ana macho mekundu?

Ukitumia uwanja wa ndege wa Denver, jimboni Colorado, utapita karibu naye: farasi wa buluu mwenye urefu wa karibu mita 10, kasimama kwa miguu ya nyuma kama anayetaka kuirukia barabara. Mishipa imemtoka mwilini, singa zimetimka, na usiku macho yake huwaka mekundu kama makaa. Jina lake ni Mustang, lakini wenyeji wamembandika la utani, Blucifer, ambalo ni buluu na shetani kwa pamoja. Mwaka 2009 hata ilianzishwa kampeni ya kutaka aondolewe.

Na hayo macho yametoka wapi? Yametoka kwenye karakana ya mabango ya taa mjini El Paso, Texas.

Ndimo alimokulia Luis Jiménez, mwenye sanamu hiyo, aliyezaliwa Julai 30, 1940. Baba yake aliingia Marekani kutoka Mexico bila vibali, akajipatia riziki kwa kutengeneza mabango ya neoni: zile bomba nyembamba za kioo zinazopindwa kwa moto na kujazwa gesi, umeme ukipita zinawaka. Wekundu ule wenye uchungwa kidogo ndio rangi ya gesi ya neoni yenyewe. Mtoto alishinda humo humo karakanani, akajua kuchomelea vyuma na kupuliza rangi zamani kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Texas kule Austin. Macho ya farasi ni heshima kwa mzee wake. Waliomwona shetani walikuwa wanatazama bango la taa.

Karakana ile haikumtoka hata alipohamia New York mwaka 1966, akawa msaidizi wa mchongaji Seymour Lipton. Wenzake wakubwa walithamini shaba na marumaru. Yeye alikwenda na faiba, ile ile ya boti zetu za pwani, na rangi za kung'aa za magari. Wapo walioiona kazi yake kuwa ya mtaani mno kuingia makumbusho. Nadhani walimsoma sawasawa, ila walikosea kudhani hilo ni tusi.

Kiswahili kinamwita mtu wa namna hii mchongaji, ingawa Jiménez kwenye sanamu hizi hakuchonga. Alifinyanga. Kwanza alisuka mifupa ya chuma, akaijaza udongo na kuunda misuli kwa mikono. Juu ya udongo akatengeneza kalibu, na ndani ya kalibu akapaka resini, gundi inayokauka ikawa ngumu, na kulaza nyuzi za faiba, tabaka juu ya tabaka. Vipande vikikauka vinatolewa, vinaungwa, vinapigwa msasa. Kisha bomba la rangi: buluu iliyokoza kwenye mikunjo, nyepesi kwenye migongo ya misuli, na mwisho tabaka angavu juu ya yote, kama kwenye boneti ya gari jipya. Ndiyo maana sanamu zake huonekana zimelowa hata juani.

Watu aliowaumba walikuwa wa mpakani na wa kazi za mikono. Nje ya jumba la Smithsonian la sanaa ya Marekani, mjini Washington, yupo Vaquero, mchungaji ng'ombe wa Kimexico juu ya farasi wa buluu anayeruka, bastola mkononi. Jiménez alikuwa akikumbusha jambo ambalo filamu za Hollywood zililifunika: wachunga ng'ombe wa kwanza wa magharibi ya Marekani walikuwa Wamexico. Mwaka 1989 akamaliza Border Crossing, yaani Kuvuka Mpaka, mwanamume anayevuka mto kambeba mwanamke mabegani, naye mwanamke kampakata mtoto. Humo kuna safari ya baba yake mwenyewe.

Mustang aliagizwa na jiji la Denver mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini kazi ilikwenda kwa kusuasua, miaka ikapita. Umbo alilichukua kwa farasi dume aliyemfuga, Blackjack. Juni 13, 2006, katika karakana yake ya Hondo, New Mexico, kipande kikubwa cha kiwiliwili kilimwangukia wakati kikihamishwa, kikambana na kumkata mshipa mkubwa wa damu mguuni. Akafa, akiwa na miaka 65. Bila shaka ajali hiyo ndiyo iliyoyapa macho mekundu sifa mbaya zaidi.

Wanawe, wasaidizi na mafundi rangi wa magari ndio waliomaliza kazi. Farasi wa tani nne akasimamishwa Denver Februari 2008. Kichwa kilikuwa tayari. Jiménez alikuwa amekwisha kukipaka rangi mwenyewe.