Mwaka wa maandalizi kabla ya udaktari ng'ambo: unaziba pengo gani?

Kila Julai matokeo ya kidato cha sita yakitoka, dawati letu la ushauri hapa Mbeya hupata wageni wapya. Anakuja mkulima wa parachichi kutoka Rungwe, anakuja mama wa duka la Mwanjelwa, kila mmoja na kipeperushi cha wakala wa vyuo vya nje mkononi. Swali lao ni moja: "Mwalimu, wanasema kijana aanze na mwaka wa maandalizi ndipo aingie udaktari. Ni lazima, au wanatuongezea ada tu?"

Nami huwarudishia swali: mwaka huo unakwenda kuziba pengo gani?

Likiwa ni pengo la lugha, hilo ni la kweli. Urusi, anayetaka kusoma kwa Kirusi hupitia kitivo cha maandalizi kwa takriban mwaka mmoja: lugha kwanza, kisha kemia na baiolojia kwa lugha hiyo hiyo. Ujerumani kuna Studienkolleg, yaani chuo cha maandalizi, ambako wanaoelekea udaktari husoma kozi ya M kwa mihula miwili, kisha hufanya mtihani. Kozi yenyewe hufundishwa kwa Kijerumani, hivyo kijana asiyejua lugha kabisa ana safari nyingine kabla ya hiyo.

Wapo wanaosema, "Wetu atasoma kwa Kiingereza." Sawa, mihadhara itakuwa ya Kiingereza. Lakini wodini je? Bibi wa Tukuyu akiumwa tumbo hujieleza kwa Kinyakyusa, na daktari asiyekijua hutafuta mtu wa kumtafsiria. Bibi wa Kazan naye ana Kirusi chake, wa Wuhan ana Kichina chake. Mwanafunzi asiyemwelewa mgonjwa atasimama nyuma ya wenzake, amebeba daftari, miaka yote ya mafunzo ya hospitali.

Pengo la ufaulu ni habari nyingine, na hapo huwa mkali kidogo. Kwa mujibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kuingia udaktari hapa nchini kunahitaji Fizikia, Kemia na Baiolojia (PCB), kila somo angalau D, jumla isipungue pointi 6. Aliyekosa hapo anaweza kupokelewa na chuo cha nje baada ya maandalizi. Kasheshe huja anaporudi. Shahada ya nje hupelekwa TCU kutathminiwa, na vyeti vya sekondari huambatanishwa. Baada ya hapo kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, lenye mtihani wake kabla ya utarajali, yaani mwaka wa kazi hospitalini chini ya usimamizi. Kwa hiyo waulizeni TCU kabla ya kulipa hata shilingi moja: jina kamili la chuo, jina la shahada, matokeo ya kijana yalivyo. Wao ndio hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje. Wakala hana mamlaka hayo, hata akiwa na ofisi nzuri namna gani.

Na kama kijana ana alama nzuri za PCB na programu ni ya Kiingereza, mimi simshauri alipie mwaka mzima. Aanze lugha sasa hivi, akiwa bado nyumbani anakula ugali wa mama yake.

Tena pigeni hesabu ya miaka. Hapa nchini ni mitano ya masomo na mmoja wa utarajali: sita. Urusi ni sita ya masomo. Ongeza maandalizi, ongeza utarajali, inakuwa minane. Miaka miwili ya ziada ina pango, bima na viza, na hayo hayalipwi kwa bei ya viazi vya Uyole.

Mkiona bado mnautaka mwaka huo, mwulizeni wakala mambo matatu. Mtihani wa mwisho anatunga nani? Cheti chake kinakubaliwa na chuo kingine, au ni hicho kimoja tu? Kijana akishindwa, ada ya mwaka wa kwanza wa udaktari mliyokwisha kulipa inarudi? Majibu yaje kwa maandishi yenye mhuri, si kwa simu.