Kiwango cha gesi kwenye AC, maana yake nini hasa

Fundi akikwambia "gesi imeisha, tujaze", muulize kwanza imeenda wapi. Wengi tunaifikiria kama gesi ya kupikia, unatumia, inapungua, unabadili mtungi, kumbe ya AC haiungui, inazunguka tu humo humo kwenye mabomba yaliyofungwa: kompresa inaibana inapata moto, kule nje inatoa joto inageuka majimaji, inapita kwenye mrija mwembamba presha inashuka, halafu kwenye koili ya ndani (bomba lililokunjwa kunjwa) inachemka huku inanyonya joto la chumba, inarudi tena kwa kompresa. Gesi ya siku ya kwanza inatakiwa ifanye kazi mpaka AC inakufa. Ikipungua kuna sehemu inavuja, basi.

Sasa hicho kiwango ni uzito. Angalia kibandiko kwenye boksi la nje, kina aina ya gesi (R22, R410A au R32) na uzito wake.

Ikiwa pungufu, koili inashuka chini ya nyuzi 0, unyevu unaganda, unaona bomba limeota barafu na chumba hakipoi, na kompresa inapata moto sana maana ile gesi baridi inayorudi ndo inayoipoza. Ikizidi nayo shida, presha inapanda, umeme unaliwa, na majimaji yanaweza kurudi kwenye kompresa ambayo kazi yake ni kubana gesi, inavunjika. Ila barafu hata filta chafu inaleta, kwa hiyo osha filta kabla hujaita mtu, naomba sana.

Kwa sisi wa karibu na bahari, Dar, Tanga, Mombasa, chumvi inakula koili mpaka inavuja, na pengine inavuja kwa sababu nati za maungio hazijakazwa vizuri. Fundi anayejua kazi anajaza nitrojeni yenye presha kwenye mabomba, anapaka povu la sabuni, anaona panapovuja, anaziba, anavuta vakyumu kutoa hewa na unyevu, ndo anapima gesi kwa mzani. Huyu wa kuja na mtungi na geji ya presha tu, anajaza mpaka mkono usikie baridi, baada ya muda unamwita tena, hela yako imeenda na gesi imeenda angani, na kama ni R22 inaharibu tabaka la ozoni, ndo maana inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni.

Ya gari ni tofauti kidogo, mule kuna hozi za mpira na sili ya kompresa, kwa hiyo hata gari lisilo na hitilafu linapoteza gesi kidogo kidogo miaka ikienda.