Hapana, Sipangi Vitabu Rafuni

Kila nikipiga simu nyumbani, shangazi huniuliza kama bado "nalinda vitabu." Nimeshachoka kumsahihisha. Nafanya kazi katika maktaba ya jimbo moja la Marekani, upande wa takwimu na ruzuku, na ofisini kwetu haji mtu kuazima riwaya. Wateja wangu ni maktaba zenyewe: za mjini zenye matawi kadhaa, na za vijijini ambako anayefungua mlango asubuhi ndiye anayepiga deki na ndiye huyo huyo anayenijazia fomu. Kazi hii huzushiwa mengi, na si na shangazi peke yake.

"Maktaba ya jimbo ndiyo bosi wa maktaba zote"

Aliyekulia Tanzania ana haki ya kudhani hivyo, maana amezoea bodi moja ya taifa yenye maktaba zake mikoani. Marekani sivyo. Maktaba ya umma huwa ya mji, ya kaunti, au ya wilaya iliyoundwa kwa ajili ya maktaba tu, na ina bodi yake na bajeti yake. Hawaii ndiyo ya pekee, kwani jimbo zima lina mfumo mmoja. Kwingine kote, mtu wa jimbo hana ubavu wa kumwamrisha mkutubi wa mji. Mimi huomba, hukumbusha, huomba tena. Adabu ya simu imenisaidia kuliko cheti chochote nilicho nacho.

"Fedha zote hutoka Washington"

Serikali kuu huchangia chini ya asilimia 1 ya mapato ya maktaba za umma. Zaidi ya asilimia 80 hutoka kwa watu wa mahali penyewe, kupitia kodi zao. Lakini kidogo hicho usikidharau. Msaada huu ulianza kwa sheria ya mwaka 1956, iliyolenga vijiji visivyokuwa na maktaba. Mwaka 1996 ulipangwa upya na kuwekwa chini ya taasisi mpya ya makumbusho na maktaba, IMLS. Kila jimbo hupewa kiwango cha chini, ambacho sheria ya mwaka 2018 ilikipandisha kutoka dola 680,000 hadi milioni 1, kisha huongezewa kulingana na idadi ya watu wake.

Nalo jimbo halikai mikono mitupu. Katika kila dola 100 za mpango huo, Washington hutoa 66 na jimbo hutafuta 34. Jimbo likipunguza matumizi yake chini ya wastani wa miaka 3 iliyopita, mgawo wake nao hukatwa. Mbunge wa jimbo anayetaka kubana bajeti ya maktaba huwa hajui kwamba atapoteza mara mbili. Kumweleza hilo mapema, kwa karatasi moja yenye tarakimu zilizonyooka, ni sehemu ya kazi yetu.

"Ruzuku ni pesa ya bure"

Mkutubi mmoja alinunua meza siku tatu kabla ya mkataba kusainiwa. Meza nzuri, bei nzuri, risiti safi. Sikuweza kumlipa, na sikulala vizuri usiku ule. Siku ya kununua ina uzito sawa na kitu kilichonunuliwa. Fedha hizi za serikali kuu hazijengi jengo. Zikinunua kompyuta za intaneti au kulipia intaneti yenyewe, maktaba ya umma hulazimika kuweka programu ya kuchuja picha chafu, na kuna bodi ambazo huikataa ruzuku kwa sababu hiyo tu.

Halafu kuna matapeli. Ili kupokea fedha hizi, maktaba huhitaji namba ya utambulisho ya serikali kuu, nayo hutolewa bure kwenye tovuti ya SAM.gov. Barua pepe inayodai mamia ya dola "kukamilisha usajili" itupe kapuni.

"Takwimu kompyuta hujumlisha yenyewe"

Hapa ndipo muda wangu mwingi unapokwenda. Tangu mwaka 1988 Marekani hufanya hesabu ya kila mwaka ya maktaba zake za umma, ambazo ni kama 9,000. Kituo cha takwimu za elimu ndicho kilichoianzisha, na mwaka 2007 ikahamia IMLS. Kila jimbo lina mratibu wake wa kukusanya na kusafisha majibu. Na majibu, ndugu yangu, huja yamechafuka.

Chukua neno "mgeni." Kihesabio cha mlangoni mara nyingi huhesabu anayeingia na anayetoka, kwa hiyo lazima ugawe kwa mbili. Nusu ya makosa ninayoyakuta yamezaliwa hapo. Maktaba isiyo na kihesabio huhesabu wiki moja ya kawaida na kuzidisha mara 52. Sasa wiki hiyo ikiangukiwa na theluji? Au ikiwa ndiyo wiki ya watoto kumiminika likizoni? Kuna "swali la rejea" pia, yaani la mtu anayetaka kusaidiwa kupata habari. Anayeuliza namna ya kupata leseni ya biashara amekuuliza swali. Anayeuliza choo kiko wapi hahesabiwi. Niliwahi kupigia maktaba moja ambayo wageni wake waliongezeka mara tatu kwa mwaka. Tukazungumza, tukacheka, mwishowe ikajulikana: kihesabio kilihamishwa wakati wa kupaka rangi, kikafungwa kwenye korido ya kuelekea chooni.

Wafanyakazi nao hawahesabiwi kwa vichwa. Saa 40 kwa wiki ndiyo mtu mmoja, kwa hiyo wawili wa saa 20 ni mtu mmoja, na meneja wa saa 35 si mtu kamili. Wakutubi hukasirikia kipengele hicho, nami nawaelewa. Lakini bila kipimo kimoja huwezi kulinganisha mji na mji, na bila kulinganisha, halmashauri haitakuamini ukisema mmepungukiwa na watu.

"Mnajua nani anasoma nini"

Hatujui, wala hatutaki kujua. Tunaletewa majumla tu. Majimbo 48 yana sheria za kulinda siri za wasomaji, na mawili yaliyobaki, Hawaii na Kentucky, yana maoni ya mwanasheria mkuu yenye mwelekeo huo huo.

Vijana huniuliza kama lazima uwe na shahada ya uzamili ya ukutubi. Inategemea tangazo. Anayejua Excel, anayesoma kanuni bila kusinzia na anayeandika sentensi inayoeleweka ana nafasi. Ila asije kwa kudhani kazi ya serikali haitikisiki. Tarehe 14 Machi 2025 Rais Trump alisaini amri ya kuipunguza IMLS hadi kiwango cha chini kabisa cha kisheria. Mwisho wa mwezi huo wafanyakazi wake wakapewa likizo ya lazima, na mwanzoni mwa Aprili California, Connecticut na jimbo la Washington zikapata barua za kusitishiwa ruzuku. Majimbo 21 yalikwenda mahakamani Rhode Island na kushinda, lakini kwa miezi kadhaa watu wa kazi yangu walipanga bajeti kama mtu anayetembea gizani.

Jambo moja hunigusa kama Mswahili. Fomu ya taifa haiulizi kitabu kilichoazimwa kiko katika lugha gani. Mji uliopokea familia za Wakongo unaweza kuwa na rafu ya vitabu vya watoto vya Kiswahili isiyokaa na kitu kwa jinsi vinavyoazimwa, na tarakimu isionyeshe chochote. Mkutubi wa mji wa namna hiyo akiniuliza aombeje fedha za kuiongeza rafu ile, humwambia aanze kuhesabu mwenyewe kesho, kwa kalamu na daftari, na orodha ya wanaosubiri aiambatishe kwenye maombi.